Nafasi za utafiti wa vijidudu na gesi ya makaa ya mawe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangazo la nafasi ya aina hii likishasambazwa kwenye magrupu ya wahitimu, simu yangu hailali. Wengine wanauliza posho, wengine wanataka kujua kama watavaa kofia ya mgodini, na wapo wanaouliza lile swali gumu kuliko yote: zama hizi, msomi mzima anahangaika na makaa ya mawe kutafuta nini? Nimeona majibu yakae mahali pamoja.

Mfano ninaoutumia zaidi ni Montana, Marekani. Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana, mjini Bozeman, kina kituo cha uhandisi wa baiofilamu, yaani utando unaojengwa na vijidudu, kilichoanzishwa mwaka 1990, na jinsi vijidudu vinavyotengeneza gesi ya methani ndani ya makaa ya mawe imechunguzwa hapo kwa miaka mingi pamoja na wanajiolojia wa serikali ya Marekani. Australia, Kanada, China na Japani nako wapo watafiti wa mambo hayahaya. Ukurasa huu si wa chuo chochote, kwa hiyo tangazo likisema tofauti na mimi, fuata tangazo.

Gesi si inapikwa na joto la ardhini? Vijidudu vinaingiaje?

Ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na kwa sehemu kubwa ya gesi asilia duniani ni kweli. Lakini ipo gesi iliyotengenezwa na viumbe hai, na mahali pazuri pa kuiona ni Bonde la Mto Powder, lililoko kusini mashariki mwa Montana na kaskazini mashariki mwa Wyoming. Makaa ya pale ni machanga kwa hesabu za kijiolojia, yana umri wa miaka kati ya milioni 55 na 60 hivi. Yamelala karibu na uso wa ardhi, na tabaka nyingine zina unene unaozidi mita 30. Hayajawahi kuzama kina cha kuyapa joto la kupika gesi, na bado yamejaa methani.

Aliyeitengeneza tunamjua kwa uzito wa kaboni. Kaboni ina isotopu mbili zisizooza, yaani aina mbili za atomi zinazotofautiana uzito, ile ya 12 na ile ya 13 iliyo nzito kidogo, na vijidudu vinavyotengeneza methani huitumia zaidi ile nyepesi. Ukipima gesi iliyopikwa na joto, kipimo cha kaboni 13 kwa kawaida huwa juu ya −50 kwa elfu (alama ya kutoa maana yake kaboni 13 ni pungufu kuliko kwenye kiwango cha kulinganishia). Ya Bonde la Mto Powder hushuka chini ya −60. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuiita bahati.

Ni bakteria wa aina gani hao wanaokula mawe?

Hawali mawe, na si bakteria peke yao. Hakuna kijidudu hata kimoja kinachojulikana kumeza kipande cha makaa upande mmoja na kutoa methani upande wa pili kwa kiasi kikubwa. Kazi hiyo ni ya kupokezana.

Makaa ya mawe ni mabaki ya mimea, hasa ile sehemu ngumu ya mti inayoitwa lignini, iliyogandamizwa hadi ikawa mtandao wa pete za kaboni zilizoshikamana. Kundi la kwanza la vijidudu linabandua vipande vidogo kutoka kwenye mtandao huo. Hatua hii ndiyo ya polepole kuliko zote, ndiyo isiyoeleweka vizuri, na fedha nyingi za utafiti zinaelekezwa huko. Kundi la pili linachachusha vipande hivyo na kuacha asidi ya siki, haidrojeni na kaboni dioksidi. Wa mwisho ndio watengeneza methani wenyewe, na hao ni arkea. Hadi mwaka 1977 watu waliwahesabu kuwa bakteria, ndipo Carl Woese na George Fox walipoonyesha kwamba ni tawi la peke yake la uhai.

Arkea hao wana njia zao. Wengine huunganisha molekuli nne za haidrojeni na moja ya kaboni dioksidi, wakatoa methani moja na maji mawili. Wengine huikata asidi ya siki katikati: nusu inakuwa methani, nusu kaboni dioksidi. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walionyesha njia nyingine iliyotushangaza wengi. Arkea aitwaye *Methermicoccus shengliensis* anaweza kutengeneza methani moja kwa moja kutoka kwenye vikundi vya methoksi, vijipande vya kaboni, haidrojeni na oksijeni vilivyoning'inia kwenye zile pete, bila kungoja washirika wampelekee.

Wewe uliyekulia kwenye nyumba yenye mtambo wa baiogesi, wa kinyesi cha ng'ombe, huo mlolongo ni uleule uliokuwa uani kwenu. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini cha Arusha, kimekuwa kikijenga mitambo hiyo tangu miaka ya 1980. Tofauti ni kwamba ng'ombe ameshakula majani na kuyalainisha, na huku chini chakula ni makaa ya mamilioni ya miaka, ambayo sehemu yake ndogo tu ndiyo inayolika.

Dada, hiyo kazi ni ya mgodini?

Hapana. Huingii shimoni. Asilimia kubwa ya muda uko maabara, muda mwingine uko kwenye kompyuta, na mara chache katika mwaka uko porini kwenye kisima.

Basi siku ya kazi ikoje?

Kazi hii yote inazunguka adui mmoja, oksijeni. Watengeneza methani hawaivumilii, na hewa ikiingia kwenye chupa, wiki kadhaa za kazi zimekwenda. Kwa hiyo kabla ya sayansi yoyote unajifunza kuitoa hewa.

Unachemsha maji yenye chumvi zake huku mrija ukipuliza naitrojeni iliyochanganywa na kaboni dioksidi, ili oksijeni ifukuzwe. Ndani umetia resazurini kidogo sana, rangi ya kuonyesha hali. Mwanzoni maji ni ya buluu, halafu yanakuwa waridi. Ukishaongeza sisteini au salfaidi ya sodiamu, kemikali za kumalizia oksijeni iliyobaki, ile waridi inafifia taratibu hadi maji yanakuwa meupe kabisa, na hapo ndipo unapoweza kufanya kazi. Unamimina kwenye chupa za kioo zenye makaa yaliyosagwa, chupa za umbo la zile za dawa ya sindano lakini kubwa zaidi, unaziba kwa kizibo kinene cha mpira wa butili, kisha unabana kofia ya aluminiamu kwa koleo lake. Ukiingiza sindano vibaya ukaona waridi imerudi, hakuna wa kumlaumu wala cha kuokoa. Weka pembeni, anza nyingine.

Kazi nyingine hufanyika ndani ya sanduku la glavu, lile lenye ukuta wa plastiki na mikono mirefu ya mpira, lililojazwa naitrojeni na haidrojeni kidogo. Mabega yanauma. Mpini wa bomba la sindano ambao nje ungeushika kwa vidole viwili, humo unautafuta kama kipofu.

Baada ya hapo ni kungoja. Chupa zinakaa gizani, na kila wiki au kila wiki mbili unachota gesi kidogo kwa sindano na kuipitisha kwenye mashine ya kromatografia, inayotenganisha gesi na kupima kila moja, kuona methani imepanda kiasi gani. Jaribio moja linaweza kuchukua miezi sita na kupita. Wiki za mwanzo mstari unalala tu chini, na msimamizi anakuuliza kila Jumatatu kama kuna kitu. Mtu asiyeweza kuishi na mstari uliolala asiombe nafasi hii.

Sehemu inayopima akili ni chupa za ulinganisho. Vijidudu hawa huwa na njaa ya vitu vingine mbali na kaboni, hivyo watafiti huwalisha dondoo la chachu, au dondoo la mwani kama lilivyojaribiwa Montana, ambako mwani unaweza kuoteshwa kwenye maji yaleyale yanayotoka kisimani. Methani ikipanda, imetoka kwenye makaa au kwenye chakula ulichoongeza? Kwa hiyo lazima uwe na chupa yenye makaa bila chakula, yenye chakula bila makaa, yenye vyote viwili, na isiyo na vijidudu kabisa. Wengine hutumia chakula chenye kaboni 13 kama alama, ili waifuatilie inakoishia. Wanaopitia makala za fani hii hugombana zaidi hapo kuliko mahali pengine popote, na ni haki yao.

Na huko kisimani kuna nini?

Karibu na Birney, kijiji kidogo kusini mashariki mwa Montana, kuna eneo la majaribio lenye visima vilivyochimbwa hadi kwenye tabaka tofauti za makaa. Uzuri wake ni kwamba tabaka hizo hazifanani. Nyingine maji yake yana salfeti (chumvi yenye salfa) nyingi na methani hakuna. Nyingine salfeti imekwisha na methani ipo tele. Sababu yake ni ushindani. Pakiwa na salfeti, bakteria wanaoipumua huiwahi haidrojeni na asidi ya siki kabla ya watengeneza methani, na hao wa mwisho hulala njaa. Kwa mtafiti, kupata tabaka mbili za jirani zenye hali mbili tofauti ni neema.

Ukichota maji tu unapata vijidudu vinavyoelea, na wengi wa wale unaowataka wameng'ang'ania makaa yenyewe ndani ya utando wao. Ndiyo maana vikatengenezwa vifaa vya kushushwa kisimani vikiwa na makaa ndani, vinaachwa kwa miezi ili wenyeji wa chini wahamie, kisha vinapandishwa vikiwa vimefungwa kule kule chini visiguswe na hewa. Vikifika juu unapata makaa meusi yaliyolowa, yenye harufu ya yai viza kama salfaidi imo. Hapo haraka, barafu kavu, na safari ndefu ya gari kurudi maabara.

Mimi nimesoma SUA, chuo cha kilimo cha Morogoro, sijawahi kuona makaa ya mawe. Nina sifa?

Swali hili ndilo linalonifanya niandike ukurasa mzima. Wahitimu wetu wengi hujiondoa wenyewe kabla hawajaombwa kuondoka.

Anayeajiri kwenye nafasi hii hatafuti mtu anayejua makaa. Makaa yanafundishika ndani ya muhula mmoja. Anatafuta mikono iliyozoea kufanya kazi bila hewa, au walau kichwa kinachoelewa kwa nini hewa ni tatizo. Umewahi kutoa maji ya tumbo la ng'ombe ukapima gesi yake kwa utafiti wa lishe ya mifugo? Hiyo ni kazi ya vijidudu visivyotaka oksijeni, na ni ya thamani kubwa hapa. Umepima uzalishaji wa mtambo wa baiogesi? Umefanya kazi kwenye mabwawa ya majitaka, au kiwanda cha bia upande wa uchachushaji? Andika. Tena andika kwa vitendo: ulipima nini, kwa kifaa gani, chupa ngapi, kitu gani kilikwama na ulikirekebishaje.

Na si kwamba ninawabembeleza. Mbinu hizi za chupa na gesi zinabeba jina la Robert Hungate, Mmarekani aliyeanza na matumbo ya mchwa akaendelea na ya ng'ombe. Mwaka 1960 yeye na wenzake walichapisha kazi iliyolinganisha uchachushaji kwenye tumbo la ng'ombe wa Ulaya na la zebu, yaani ng'ombe mwenye nundu. Fani ya watengeneza methani imetokea kwenye zizi. Aliyefanya kazi zizini asione haya mbele ya aliyefanya kazi kwenye miamba.

Cha pili wanachotafuta siku hizi ni uwezo wa kuchambua vinasaba kwa kompyuta. Sampuli moja ya makaa huleta mamilioni ya vipande vya DNA, na lazima mtu aseme ni vya nani na wanafanya nini. Jeni moja, *mcrA*, ndiyo alama ya watengeneza methani, na kuitafuta ni kazi ya kawaida. Zipo pia mbinu mpya za kuwatenga walio hai na wanaofanya kazi kutoka kwa waliolala tu. Ukijua R au Python, lugha za kuandikia programu, hata kwa kujifundisha mwenyewe usiku bando likiwa nafuu, umepiga hatua mbele ya wengi.

Lazima niwe nimesoma jiolojia?

Hapana. Inasaidia.

Lakini si ni kusaidia watu wachome gesi zaidi wakati dunia inaungua?

Swali la haki, na lisikwepwe kwenye usaili, maana utaulizwa.

Utafiti huu ulianza kwa ndoto ya biashara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Bonde la Mto Powder lilivamiwa. Maelfu ya visima vilichimbwa, maji yakasukumwa nje ili mgandamizo ushuke na gesi iliyonata kwenye makaa iachie. Kisima kimoja kilidumu miaka michache tu kikakauka gesi. Watu wakajiuliza: kama gesi hii ni ya vijidudu, kwa nini tusivilishe vitengeneze nyingine? Kampuni ya Luca Technologies ya Colorado ilinunua visima vichovu na kushusha virutubisho ndani yake. Lakini baada ya 2008 bei ya gesi ilianguka, gesi ya miamba ya sheli ikafurika sokoni, na mwaka 2013 Luca iliomba ulinzi wa mufilisi. Jimbo la Wyoming lenyewe likabaki na maelfu ya visima visivyo na mwenyewe, vya kuzibwa kwa gharama ya umma.

Maoni yangu ni kwamba ile ndoto ya kulima gesi chini ya ardhi haijafa kabisa, Wachina na Waaustralia bado wanaifanyia kazi, ila si sababu nzuri ya kuomba nafasi hii leo. Methani ikivuja bila kuchomwa hupasha dunia takriban mara 28 ya kaboni dioksidi kwa hesabu ya miaka 100, na zaidi ya mara 80 kwa hesabu ya miaka 20. Asiyeona tatizo hapo hajafikiri.

Sababu nzuri ziko upande mwingine. Mtu akitaka kujua kisima kilichoachwa kitaendelea kuvuja hadi lini, lazima ajue kama chini kuna kiwanda kinachoendelea kutengeneza. Halafu lipo suala la haidrojeni. Nchi nyingi zinapanga kuihifadhi chini ya ardhi kama akiba ya nishati safi, na hawa arkea wetu chakula chao kikuu ni haidrojeni. Hili lilishatokea Lobodice, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki: gesi ya mji, ile ya zamani iliyotengenezwa kwa makaa na yenye haidrojeni nyingi, ilihifadhiwa ardhini; ilipotolewa, haidrojeni ilikuwa imepungua na methani imeongezeka, na waliokamatwa ni vijidudu. Wanaotaka kuzika kaboni dioksidi kwenye tabaka za makaa nao wanahitaji kujua nani yupo huko akiisubiri. Ujuzi ni uleule, chupa ni zilezile, na ajira nyingi za baadaye ninaziona huko.

Tena kuna udadisi mtupu, ambao hauhitaji visingizio. Mwaka 2012 meli ya Kijapani, Chikyu, ilitoboa sakafu ya bahari nje ya Shimokita hadi mita 2,466 na kukuta vijidudu kwenye tabaka za makaa zilizo karibu kilomita mbili chini ya sakafu hiyo. Vilikuwa vichache mno, lakini vilikuwepo.

Wenyeji wa huko Montana na Wyoming wanasemaje?

Si sauti moja. Wapo wafugaji waliofaidika na mirabaha, na wapo waliogombana na maji. Maji yanayotolewa pamoja na gesi hii yana sodiamu nyingi, na yakimwagiliwa kwenye udongo wa mfinyanzi yanauharibu. Mto Tongue, unaotegemewa na mashamba, ulikuwa katikati ya mabishano hayo. Jirani na Birney ni ardhi ya Wacheyenne wa Kaskazini, watu waliokaa juu ya makaa mengi na kuyakataa. Mwaka 1973 baraza lao lilidai mikataba ya makaa ifutwe, na 1977 wakapata hadhi ya juu kabisa ya ulinzi wa hewa juu ya ardhi yao. Ukienda kule na chupa zako, jua unapita kwa nani, na salimia.

Kuna hatari gani?

Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, kwa hiyo kisimani hakuna sigara wala cheche. Salfaidi ya haidrojeni inanuka ikiwa kidogo na huua pua ikiwa nyingi, ndipo inapokuwa mbaya. Mitungi ya gesi ifungwe minyororo ukutani. Hatari inayodharauliwa ni naitrojeni: haina harufu, haina rangi, ikivuja kwenye chumba kidogo inakusukumia nje hewa ya kupumua. Watu wa Goma wanaoyajua mazuku, yale mabonde yanayotuama gesi ya volkano, hawahitaji kuelezwa mara mbili jinsi gesi isiyoonekana inavyomwangusha mtu bondeni.

Huku kwetu utafiti huu utanifaa nini nikirudi?

Anza na Ziwa Kivu. Kwenye maji yake ya kina kuna takriban kilomita za ujazo 60 za methani, na sehemu kubwa ya gesi hiyo ni kazi ya arkea. Mtambo wa KivuWatt upande wa Rwanda, uliozinduliwa 2016, unavuta gesi hiyo na kuzalisha megawati 26. Nani anaitengeneza, kwa kasi gani, na ukiivuta kwa wingi nini kinabadilika kwenye tabaka za maji? Maswali hayo yanajibiwa kwa chupa zilezile za vizibo vya butili, na ninatamani wanaoyajibu wawe wengi zaidi wenye asili ya pande zote mbili za ziwa.

Makaa tunayo: Ngaka, Mchuchuma na Kiwira kwa Tanzania, Bonde la Mui kule Kitui kwa Kenya. Ila usidhani unachojifunza Montana utakihamishia Ruvuma kama kilivyo. Makaa ya Tanzania ni ya enzi ya Karuu, yana zaidi ya miaka milioni 250 na yameshapikwa zaidi, hivyo vijidudu vinapata kazi ngumu. Walio mbele yetu Kusini ni Botswana, ambako kampuni zimekuwa zikitafuta gesi ya makaa ya Karuu kwenye Kalahari kwa miaka kadhaa.

Na hata ukiacha makaa na ziwa, mtu aliyebobea kwenye methani inayotengenezwa pasipo oksijeni anahitajika kwenye dampo, kwenye mashamba ya mpunga, kwenye majitaka ya miji na kwenye utafiti wa gesi ya mifugo. Kazi hizo ziko nyumbani.

Posho ni kiasi gani?

Inategemea ngazi. Mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayeajiriwa kama msaidizi wa utafiti kwa kawaida hulipiwa ada na kupewa posho ya kila mwezi. Uliza kwa maandishi kama bima ya afya na ada ndogondogo zimo, maana hizo ndogondogo zinauma. Kwa mtafiti wa baada ya uzamivu, vyuo vingi vya Marekani hujipima kwa kiwango cha taasisi za taifa za afya, ambacho kwa mwaka 2024 kilianzia dola 61,008 kwa mwaka kabla ya kodi. Vingine hulipa chini ya hapo. Fedha zenyewe hutoka kwenye ruzuku yenye mwisho, mara nyingi ya Wizara ya Nishati au ya taasisi ya taifa ya sayansi, kwa hiyo uliza pia ruzuku inaisha lini.

Viza je?

Hapa sitawapamba. Mwaka 2025 Marekani iliweka vizuizi vya viza za masomo na za watafiti kwa raia wa nchi kadhaa. Burundi iliingia kwenye orodha ya Juni, na tangazo la Disemba likaiongeza Tanzania. Orodha hizi hubadilika, hivyo angalia tovuti ya ubalozi wa nchi yako kabla hujalipa hata senti. Ada ya fomu ya viza ni dola 185, na ya SEVIS, mfumo wa kusajili wanafunzi na watafiti wa kigeni, ni 350 kwa viza ya F-1 (ya mwanafunzi) na 220 kwa J-1 (ya mpango wa kubadilishana wasomi na watafiti). J-1 inaweza kuja na sharti la kurudi nyumbani miaka miwili, kwa hiyo soma hati yako kabla ya kutia saini.

Njia ikifungwa Montana, maarifa hayajafungwa. Queensland nchini Australia ina Bonde la Surat, ambalo gesi yake nyingi nayo ni ya vijidudu na ambalo linazalisha hadi leo, na Chuo Kikuu cha Queensland kiko hapohapo Brisbane. Kwa Kanada, tazama Calgary.

Bozeman kuna baridi kweli?

Kuna baridi ya kushuka chini ya nyuzi −30 baadhi ya usiku wa Januari. Mji uko mita karibu 1,460 juu ya usawa wa bahari, nyumba za kupanga ni ghali kuliko mtu anavyotegemea kwa mji mdogo, na Waafrika ni wa kuhesabika. Tafuta nyumba mapema, hata kabla ya kununua koti.

Nimwandikie profesa moja kwa moja, au ningoje tangazo?

Mwandikie. Nafasi nyingi za wanafunzi hazitangazwi kabisa. Profesa anapata ruzuku, anatazama nani alishaandika. Ila usitume ile barua ya "Mheshimiwa Profesa, nina shauku kubwa na utafiti wako mashuhuri", anapokea nyingi kama hizo kila wiki na anazifuta bila kufika aya ya pili.

Soma makala yake moja, moja tu, mpaka uione picha ya tatu ukiwa umefumba macho. Sentensi ya kwanza iseme wewe ni nani na unataka nini. Ya pili na ya tatu ziseme umefanya nini kwa mikono yako kinachofanana na kazi yake. Halafu uliza swali moja la kweli juu ya makala ile, kwa mfano kwa nini chupa za ulinganisho zisizo na makaa nazo zilitoa methani. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na matokeo yako ya chuo. Wadhamini waambie mapema, na mmoja awe mtu aliyekuona maabara, si mkuu wa idara asiyekujua kwa sura.

Asipojibu ndani ya wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa mistari miwili. Akinyamaza tena, nenda kwa mwingine. Muda mzuri wa kuandika ni Septemba hadi Novemba, kwa sababu maombi ya uzamivu ya vyuo vingi vya Marekani hufungwa kati ya Disemba na Januari.